Posa ya Mwanaheri kwa Mara ya Pili

Kwa miaka thelathini Mzee Isihaka, muuza vitenge wa Kasulu, amekuwa mshenga, na hajawahi kurudi na jibu la hapana. Hilo angekwambia kabla hujamuuliza. Yeye ndiye hupeleka ombi, yeye ndiye hurudisha jibu, na watu hawapigi vigelegele mpaka walisikie kinywani mwake.

Safari hii alikwenda Kibondo kumposea mpwa wake, Saady. Mkewe, Zena, alimsihi afuatane na mtu, maana juzi tu alikwenda msikitini kwa baiskeli, akarudi kwa miguu, kisha akatangazia mtaa mzima kwamba ameibiwa. Isihaka alijibu kwamba kichwa chake hakijaota kutu.

Sebuleni kwa Nurudini, baba wa binti, alikaa mkekani, akakohoa kidogo, akaanza. Salamu, dua, sifa za ukoo, vyote vilitiririka.

"Basi tumekuja kwa unyenyekevu kumwomba binti yenu, Mwanaheri, awe mke wa kijana wetu."

Watu wakatazamana.

"Mzee wangu," Nurudini akasema taratibu, "Mwanaheri ni mke wangu. Uliniposea wewe mwenyewe, mwaka tisini na nane."

Isihaka alijisimanga moyoni: mshenga hodari wa wilaya mbili, leo umemposa mke wa mtu mbele ya mumewe. Akalitafuta jina la binti. Posa ile ya zamani aliikumbuka yote, hata mbuzi aliyetafuna kofia ya baba yake Mwanaheri. Jina aliloambiwa asubuhi hiyohiyo halikuwepo. Aliogopa kweli. Saady angekosa mke, na angeambiwa kwamba mjomba alimposa mama mkwe.

"Jina limenitoka," akasema. "Si dharau. Ni uzee, na nimekuwa nikiuficha."

Nyuma ya pazia kikasikika kicheko. Mwanaheri akasema kutoka huko kwamba maneno ni yaleyale, hata kikohozi ni kilekile, na kwamba binti yake anaitwa Firdausi. Sebule nzima ikaangua kicheko, na Isihaka akacheka kuwazidi wote. Angalau alikuwa ameharibu kwa ufasaha.

Nurudini akajifuta machozi.

"Tumeridhia, mzee," akasema. "Ila jibu usihangaike kulibeba. Saady tutampigia simu wenyewe."

Isihaka aliendelea kucheka kidogo, mpaka akajisikia akicheka peke yake.