Tingatinga Hajambo

Barua ya Phineas ilifika kupitia sanduku la posta la shule, kama zote, na Jael akaifungua polepole. Alijua itauliza nini.

"Kwako mke wangu Jael, natumai u mzima kama nilivyo mimi huku Thika. Tingatinga anaendeleaje?"

Ndiyo hivyo! Mume yuko kwenye mashamba ya mananasi miezi tisa, na salamu za kwanza ni za ng'ombe. Lakini Tingatinga hakuwa ng'ombe wa kuvuta jembe. Alikuwa fahali wa kupigana, mchimbua udongo kwa pembe, asiyekubali kusogelewa na mtu ila mwenyewe. Shinyalu nzima ilimpigia Phineas ngoma ya isukuti kwa ajili yake. Siku ya kuondoka, Januari hiyo ya 1994, Phineas alisimama penye zizi akasema, "Mama Awinja, fahali huyu akipotea usiningoje hapa. Rudi kwenu." Wala hakucheka.

Na Tingatinga hayupo tangu Aprili. Malaria ilimpanda mtoto wao Awinja kichwani, macho yakageuka, daktari akasema mtoto aongezwe damu leo hii, na Jael hakuwa na kitu kingine cha kuuza. Mtu wa Iguhu alikuja na wanaume sita na kamba nene, wakamvuta fahali barabarani akinguruma. Awinja akapona. Mama yake ndiye aliyebaki anatetemeka.

Angeandika nini? Akimtaja mtoto atataja hospitali, na akitaja hospitali mambo yote yatamwagika. Basi Awinja akaachwa kabisa nje ya barua, ukurasa ukajazwa fahali. "Tingatinga hajambo. Amenenepa. Siku hizi ametulia sana, hata mimi nampeleka mtoni." Barua sita, uongo ule ule.

Sasa hii ya Phineas ilikuwa na mstari mpya chini kabisa: "Nakuja Jumamosi."

Ijumaa Jael hakuonja hata tonge la obusuma. Alifunga nguo zake kwenye leso, akamwambia Awinja baba akiingia akae jikoni, asitoke hata akisikia mama analia.

Jumamosi mchana Phineas alitokea njiani mbio, hana mzigo, shati limemganda mgongoni. Jael alisimama mlangoni, mzigo wa leso kifuani. Mwanamume akalipita zizi tupu bila hata kugeuza shingo.

"Awinja yuko wapi?" Alimshika mkewe mabegani. "Jael, mtoto wangu mmemzika wapi?"

"Baba?" Awinja akachungulia kutoka jikoni, kiazi mkononi.

Phineas alikaa chini pale pale matopeni, akamkumbatia, akalia kwa sauti, majirani wasikie wasisikie shauri yao.

"Uliniandikia Tingatinga ametulia," alisema alipopata pumzi. "Tingatinga yupi huyo? Nikajua hayupo. Kisha naona barua baada ya barua hazina jina la mtoto. Mungu wangu! Niliogopa kuuliza, usije ukanijibu."

"Nilimuuza Tingatinga ili Awinja apate damu," Jael alisema. Bado alikuwa ameukumbatia ule mzigo wa leso. "Nikaogopa kukwambia. Ulisema fahali akipotea, nirudi kwetu."

Phineas aliutazama ule mzigo, kisha akamtazama mkewe.

"Mimi?" akasema. "Nilisema hivyo lini?"