Picha ya Jicho la Daktari

Kamera mpya ya kupiga picha ndani ya jicho ilipofungwa kwenye chumba cha mwisho cha kliniki, muuguzi aliyepewa kazi ya kuiendesha alitaka mtu wa kujifunzia kabla wagonjwa hawajaanza kuingia. Daktari akajitolea mwenyewe. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na tisa, yeye akiondoa mtoto wa jicho, muuguzi akimkabidhi vifaa, na karibu kila alichojua muuguzi kuhusu macho alikuwa amefundishwa na mtu huyo.

"Piga, Sista," alisema akiegemeza kidevu mahali pake. "Ila nitoke kijana."

Mwanga ukamulika jicho la kulia, kisha la kushoto. Daktari akainuka akipikicha macho, akarudi kwa wagonjwa wake.

Muuguzi akabaki mbele ya kompyuta. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ilijaa kioo kizima, nyekundu ya kufifia, mishipa ya damu ikitambaa juu yake. Pale mishipa inapokutana pana duara la manjano, kichwa cha neva inayopeleka habari kwenye ubongo. Daktari huwaambia wanafunzi waione kama sahani yenye kikombe katikati. Kikombe kidogo si neno. Kikombe kikianza kuimeza sahani, neva inakufa. Hiyo ndiyo glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Kwa wengi haiumi. Huanza kula pembeni, na mtu hana habari mpaka sehemu kubwa imekwenda.

Kikombe cha jicho la kulia kilikuwa kipana. Cha kushoto kilikuwa kimebakiza ukingo mwembamba kama ukucha.

Alidhani amefungua faili la mtu mwingine. Akaangalia namba, akaangalia saa ya picha: ilikuwa ya Daktari. Akakumbuka jinsi Daktari alivyokuwa akigonga trei ya vifaa miezi ya karibuni, na yeye muuguzi akawa anamgombeza mhudumu wa chumba cha upasuaji kwamba anaiweka vibaya.

Alisubiri mgonjwa wa mwisho atoke, akapiga moyo konde, akamwita. Daktari akasimama mbele ya kioo, mikono mfukoni.

"Nani mwingine ameiona?"

"Mimi tu."

"Basi ifute. Ilikuwa ya majaribio."

Miaka yote hiyo muuguzi hakuwahi kumkatalia jambo.

"Nisamehe, Dokta. Twende kwanza ukapimwe upana wa kuona. Ukitoka salama, nitaifuta mbele yako."

Daktari alimtazama kama anayetaka kufoka, kisha akatangulia mlangoni.

Akakaa mbele ya mashine, uso ndani ya bakuli jeupe, jicho la kulia limefunikwa, kitufe mkononi. Taa ndogo ikiwaka popote, mtu hubonyeza. Muuguzi aliona kwenye kioo chake kila ilikowaka. Ya kwanza, akabonyeza. Ya pili, akabonyeza. Zikaja za upande wa chini: kimya. Nyingine: kimya. Alitamani kumwambia, hapo, Dokta, hapo.

Mashine ile hutoa mlio mdogo kila inapohamisha taa, na aliyeisimamia maelfu ya mara anaujua. Katikati ya kipimo Daktari akasema polepole, bila kuinua uso:

"Naisikia inahama. Sioni kitu."

"Tuache?"

"Hapana. Tumalize."

Walipomaliza hakuomba karatasi ya majibu. Alibaki kwenye kiti.

"Mama yetu alimaliza maisha yake akiongozwa kwa mkono, haoni," alisema. "Tukasema ni uzee." Kisha akasema, "Kesho nina watu wanane wa kupasua."

Daktari akatoa simu, akampigia mwenzake wa hospitali nyingine.

"Nina wagonjwa wanane, naomba uwapokee... Hapana, sisafiri. Ni macho yangu."

Muuguzi akageuka, akajifanya anafunika mashine.

Mwenzake huyo ndiye aliyemwanzishia dawa ya matone, akamweleza alichokuwa akiwaeleza wengine siku zote: kilichopotea hakirudi, kilichobaki kinaweza kulindwa. Daktari akakiweka chini kisu cha upasuaji. Akabaki na kazi ya kupima na kufundisha.

Kwa kuwa ugonjwa huo hutembea katika ukoo, wiki ya pili alimleta mdogo wake wa kike, fundi cherehani, aliyekuja akinung'unika.

"Natunga uzi bila miwani, kaka. Unanipotezea siku."

Muuguzi akampiga picha. Kikombe kilikuwa kimeanza kutanuka, kidogo tu. Daktari akavuta kiti karibu na kioo, akaomba picha ikuzwe, akaitazama juu na chini, akavua miwani na kuifuta kwa ncha ya koti, ingawa haikuwa na vumbi.

"Wewe tumekuwahi," alisema. "Matone kila jioni, usiruke hata siku moja."

Dada yake akaacha kunung'unika.

"Na wewe?"

"Mimi nimechelewa kidogo."

Dada akasogeza kiti chake karibu na cha kaka yake, akamwomba muuguzi awaonyeshe namna ya kudondosha dawa, wote wawili kwa pamoja.