Barabara ya Miti

Tangu asubuhi roho yangu haitulii. Chai nimekunywa mara tatu, dada yangu kule nyumbani Nyalukemba, Bukavu, nimemugombeza bure kabisa. Juu ya nini? Juu ya kusinya, kuandika jina langu mara moja tu.

Zagabe, patron wa shule yetu ndogo ya urubani hapa Kavumu, alinisemea wazi: "Lydie, leo Ulrich aruke peke yake. Wazazi wake wanakuja. Ukisinya kwamba yuko tayari, unapata kontra, mushahara kila mwezi. Ukikataa, kuna wengine." Miaka miwili nalipwa kwa saa ya hewani tu, mvua ikishika wiki nzima, sina kitu. Kontra ile naitaka, sitadanganya mutu.

Nikasema, kwanza nizunguke naye mara moja ya mwisho.

Ulrich, mwanafunzi wangu, ni kijana wa adabu, anatua vizuri kuliko mimi. Tukapanda, tukazunguka upande wa ziwa. Tuliporudi, mawingu yalikuwa yameshuka toka mulimani, yamefunika kijiji chote cha Miti. Shingo ya Ulrich ikaanza kwenda kushoto, kuume, kushoto.

"Unatafuta nini?"

"Barabara ya Miti, madame."

"Barabara ya nini, weye! Angalia dira!"

"Lakini ulinifundisha mwenyewe. Fuata barabara ya Miti, ukipita soko, uwanja uko mbele."

Mungu wangu! Ni kweli. Nilimufundisha vile juu hata mimi mwalimu wangu, papa Jean-Baptiste, alinifundisha vile, na yeye sijui nani alimufundisha. Hapa sisi wote tunafuata barabara ile sawa na mama anayepeleka mihogo sokoni.

"Niachie," nikasema, nikashika usukani. Na macho yangu, kabla ya kwenda kwenye dira, yalikwenda chini. Kutafuta barabara. Woga nilikuwa nao, lakini haya ilizidi.

Nikarudi ziwani kwenye hewa safi, nikaomba kwa redio watu wa mnara wa uwanja wanielekeze. Mwishowe mawingu yakafunguka, uwanja ukatokea kuume. Mimi nilikuwa naungojea kushoto.

Chini, maman Eulalie, mama yake Ulrich, alisimama na keki mukononi. Zagabe akaninyooshea kalamu, anacheka na meno yote. Nikaandika kwenye daftari ya urubani ya Ulrich: *Hajakuwa tayari kuruka peke yake.*

"Lydie! Unajua unafanya nini?"

"Ngoja, patron, sijamaliza." Nikaongeza: *Aliyemufundisha pia. Asifundishe mutu kabla ya kurudi shuleni kujifunza mwenyewe.* Nikasinya.

Zagabe alisoma mara mbili. Hakuna aliyegusa keki.

Nikapanda pikipiki ya abiria kurudi Bukavu. Tulipokaribia Miti nilifunga macho, nikajaribu kujua tumefika wapi.

Sikujua.