Kifuniko cha Mami

Mtungi wa gesi ulipokwisha mwezi wa tatu, sikuujaza tena. Kuni nazo zilikuwa haba, maana mikaratusi ya jirani ilikuwa imekatwa yote. Ndipo nilipokumbuka kikapu cha mami.

Mami, Ngendo, alisuka kwa mkonge vikapu vya kupikia, akavitandika manyoya ya kondoo ndani. Asubuhi ulichemsha githeri, mahindi na maharagwe, nusu saa, ukaweka sufuria kikapuni, ukafunika. Jioni ilikuwa imeiva bila moto. Mara nyingi aliniita nikae karibu naye nijifunze. Nilimjibu, "Mami, mimi niko na gesi."

Sasa kiharusi kilikuwa kimemnyima sauti na mkono wa kulia. Hapa kwetu Tetu kilibaki kikapu kimoja tu. Kina mama wa kanisa la Gatitu waliniomba niwasukie vyao, nami niliahidi, nikiamini Mungu atanionyesha. Kikapu chenyewe niliweza kukiiga. Kifuniko kilinishinda. Cha mami kilibana. Changu kilijikunja kama uyoga.

Jumapili moja baada ya ibada niliomba, kisha nikakifumua kifuniko chake nione kilivyosukwa.

Nilianzia ukingoni. Kumbe siri ilikuwa katikati, pale alipoanzia, na nilipofika hapo nyuzi zote zilifunguka kwa pamoja, zikaniangukia mapajani. Sikuona kitu.

Kaka yangu Kingori alikuwa mlangoni.

"Ati umefanya nini, Watiri? Si hiyo ndiyo ilikuwa imebaki!"

"Nilitaka kuona."

"Na umeona?"

Nikaanza kuziokota nyuzi.

"Haya, basi tutafunika githeri na Biblia yako."

Alicheka, kisha akamwona mami akitutazama kutoka kitandani, akaacha.

Mami alinyoosha mkono wa kushoto. Nilidhani ananifukuza. Kumbe alitaka nyuzi. Nikaketi kuliani kwake, mkono wangu ukashika mahali pa ule wake uliolala. Alilowesha uzi kwa midomo. Nyuzi nne juu ya nne, kisha ule wa kuzungusha, ambao aliuvuta mpaka nikahofia utakatika. Nilipokosea alinifinya kidole. Tulimaliza mizunguko mitatu, akachoka, akalala.

Ijumaa Bwana alimchukua.

Baada ya mazishi nilimalizia peke yangu. Mizunguko yake mitatu imekaza hata sindano haipiti. Kuanzia wa nne, ukikiinua kifuniko dirishani, unaona mwanga. Kina mama wa Gatitu bado sijawaambia.

Jana nilichemsha githeri, nikaiweka kikapuni, nikafunika, nikapiga magoti. Jioni nilimpakulia Kingori. Nilisikia mahindi yakilia menoni mwake.

"Imeiva?" nikauliza.

"Imeiva," akasema, akaendelea kutafuna kwa muda mrefu.