Alama za Mkaa Ukutani

Mimi ni fundi ujenzi, na sitaki mtu aniambie kwamba mvua ndiyo iliyomuua mama yangu. Hapa Kamuli wamelisema hilo tangu siku ya msiba, padri akalirudia kanisani, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu mwenye adabu zake. Mvua ilinyesha kwa kila mtu. Mwiko ulikuwa mkononi mwangu.

Nyumba yetu ni ya tofali mbichi za udongo, aliijenga marehemu baba, Rwezaura, kabla sijazaliwa. Tetemeko la mwaka 2016 liliiachia ufa kwenye ukuta wa sebule, upande wa mashariki, kuanzia kona ya dirisha kushuka karibu na sakafu. Mama yangu, Placidia, alikataa kuhama. Aliokota kipande cha mkaa jikoni, akapiga kistari pale ufa ulipoishia, akatutangazia: "Ukivuka hapa, wote tunatoka tukalale kwa Cassian."

Cassian ni jirani yetu. Mara mbili ufa ulivuka, na mara mbili tulijitwisha magodoro tukahamia kwake mpaka mvua zikakatika. Tukirudi, mama anapiga kistari kingine. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyeruhusiwa kukaa upande ule, hata kuku alifukuzwa. Na palikuwa mahali pake hasa. Zamani, asubuhi jua linapoingia dirishani, alikuwa akitandika mkeka pale, anaegemea ukuta na kuchambua maharage. Mimi nilipokwisha kuwa fundi nilimtania kwamba anaupima ukuta kama mtoto wa kliniki. Alicheka, ila mkaa wake hakuuacha.

Mwaka jana, mwezi wa nne, mdogo wangu Joanitha alipata mchumba, Mugisha wa Nyakakika. Wazee wa Mugisha walituma habari kwamba watakuja Jumamosi kuposa. Jumanne Joanitha akanifuata migombani.

"Kaka Yustus, wale wazee tutawakalisha wapi? Mbele ya ufa na mikaa ya mama?"

"Sebule ina kuta nne, dada."

"Watauona tu. Watasema wanaoa kwenye gofu. Kaka, nakuomba, uzibe."

Nilishusha timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma ya kupimia kama ukuta umesimama wima. Ukuta ulikuwa umeinamia ndani vidole viwili. Ukuta wa namna hiyo hauzibwi. Unabomolewa mpaka msingi, unajengwa upya, na kwa mvua zile ingekuwa kazi ya wiki mbili. Tulikuwa na siku nne. Nikajiambia nitapaka sasa, harusi ikipita nitabomoa. Nilikwangua vistari vyote vya mama, nikapigilia wavu wa waya, nikapaka lipu ya saruji, nikamalizia na chokaa. Niseme ukweli, nilijivunia. Sijawahi kutoa lipu nzuri kama ile.

Mama alirudi kutoka sala za jumuiya. Akauendea ukuta, akapitisha kiganja polepole.

"Yustus, mwanangu. Ukuta umepona?"

Joanitha alikuwa akinitazama. Ningeweza kusema, mama, nimeuficha tu, usikae hapo. Maneno machache hayo, hata mtoto angeyasema.

"Umepona, mama."

"Kasinge waitu," akanishukuru, machozi yakimtoka. Akaenda jikoni, akakitupa kipande chake cha mkaa motoni.

Jumamosi wageni walikuja. Tulitandaza nyasi mbichi sakafuni, wakapewa kahawa ya kutafuna na rubisi, pombe yetu ya ndizi, mazungumzo yakaenda vizuri. Mzee Adelard, baba mkubwa wa Mugisha, akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kuuliza fundi ni nani. Mama akanielekeza kwa mkono, anang'aa uso mzima. Nikacheka pamoja nao, mjinga mimi.

Jumatatu asubuhi nilipita kumwamkia. Nilimkuta kwenye mkeka, upande ule ule, mgongo ukutani na ungo wa maharage mapajani, jua limemwangukia miguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo ukae. Jua hili lilikuwa linapotea bure miaka yote."

Sikukaa. Nilitaka kumwambia ainuke. Nilifungua mdomo kabisa, na nilichosema ni kwamba nina kazi Murongo, kuna mtu ananisubiri nimjengee duka. Akanitakia safari njema. Nikapanda bodaboda.

Mvua ikanyesha siku tatu. Alhamisi asubuhi ikakatika, jua likachomoza, na mama akabeba ungo wake akaenda mahali pake. Hapakuwa na kistari cha kumwambia chochote. Joanitha alikuwa jikoni aliposikia kishindo. Aliponipigia simu alikuwa akilia tu, nami nikajua ni ukuta. Nilipofika Kamuli walikuwa wamekwisha kumtoa na kumfunika kwa shuka. Maharage yalikuwa yamesambaa topeni, na wanawake walikuwa wanayaokota moja moja, sijui kwa nini.

Jioni Cassian alinishika bega tukasimama mbele ya kifusi. Lipu yangu ilikuwa imeanguka bapa moja, pana kama mlango, haina hata mkwaruzo.

"Lipu yako haina kosa, Yustus," alisema. "Ni udongo wa zamani ulioshindwa."

Alitaka kunifariji.

Baada ya mazishi nilimwambia Joanitha yote: timazi, vidole viwili, na ile Jumatatu nilipomwona pale nikaondoka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi ndiye niliyekuomba uzibe," alisema. "Lakini yeye alikuuliza wewe."

Hajanitukana zaidi ya hapo. Afadhali angenitukana.

Mama tumemzika kibanjani, kwenye migomba yetu, ubavuni kwa baba. Ndugu walileta saruji ili nimjengee kaburi la heshima, kwa kuwa mimi ni fundi na watu wangeshangaa. Nilikuwa nimeanza kuchanganya mchanga Joanitha alipokuja akauchukua mwiko mkononi mwangu.

"Acha udongo hivyo hivyo," alisema. "Ukipasuka, tuuone."

Harusi ilisogezwa mbele. Mvua za vuli zilipoanza, kaburi likapata ufa mdogo upande wa miguuni. Tuliinama wote wawili, nikachota udongo, nikaujaza na kuushindilia kwa viganja, yeye akiangalia.

"Utashika?" aliniuliza.

"Sijui," nikamwambia.