Mwindaji Hasemi Ameona

Barua pepe ilikuwa fupi: timu yetu ya kijiji cha Kashebere imekosa ishara saba kati ya nane za majaribio, tukikosea tena wiki hii, tutaondolewa. Niliisoma mara tatu juu ya kilima, mahali pekee simu yangu inapopata rezo ya mtandao, na hasira ikanipanda.

Kazi yenyewe ni ya kujitolea. Antena kubwa za nchi za mbali hunasa mawimbi ya redio kutoka angani, kompyuta huyageuza picha, nasi tunaziangalia moja moja. Mstari ulionyooka ni wa hapa duniani. Ulioinama taratibu huenda umetumwa na mtu wa mbali sana, huko kwenye nyota. Katikati ya picha hizo wenye mradi huficha ishara za uongo ili kutupima macho. Najua watu wanatucheka. Lakini huku kwetu kila mgeni anakuja kutuhesabu sisi: wakimbizi wangapi, wafu wangapi. Hii ndiyo kazi pekee ambamo sisi ndio tunaotazama, na nisingekubali kuipoteza.

Timu ni mimi, Adelaïde, mwalimu wa hesabu, na baba yangu Symphorien, aliyetega wanyama msituni miaka arobaini. Picha nazipakua kilimani; nikiwa shuleni, yeye hubaki na simu: kitufe cha kijani maana yake kuna kitu, chekundu hakuna. Macho yake hayana mfano. Sasa alikosaje saba?

Nilimkuta anamenya mihogo. Nikamwonyesha picha moja aliyoikataa.

"Papa, haukuone huu mustari?"

"Niliuona. Ule muzuri sana."

"Sasa juu ya nini ulifinya nyekundu?"

Akaniangalia kana kwamba mimi ni mtoto asiyelelewa.

"Muwindaji akiona nyama, anasemaka ameiona? Ukisema kama nyama haiyafika bado ku mugini, inapotea. Unasema: sikuone kitu."

Nilitaka kulia, nikacheka. Kumbe kila kilicho kizuri alikuwa amekikana kwa heshima! Nilimbembeleza, nikamfokea, wapi. Lakini mtoto wa nyoka ni nyoka. Ukaidi wake ninao pia.

"Na mukiwa wawili ku pori, mwenzako anajuaka namna gani?"

"Navunja kajani, naweka ku njia. Sisemi kitu."

"Basi vunja, Papa. Kufinya iko kazi yangu."

Siku tano, kila nikitoka shule, tuliketi. Picha mia nne. Yeye alitazama simu, mimi nikatazama mikono yake. Mgongo uliniuma, machozi yalinitoka, na hatukuruka hata moja. Kila alipovunja jani la muhogo na kuliweka mezani, nilibonyeza kijani. Majani yakafika tisa.

Ijumaa jioni nilituma majibu kutoka kilimani, Jumamosi nikapanda tena. Jibu lilikuwa limefika: "Ishara nane tulizoficha mmeziona zote, mnabaki. Ile ya tisa hatukuificha sisi. Tutaielekezea antena tena."

Nilishuka mbio. Papa alikuwa amesimama mlangoni.

"Wanasema nini?"

"Tunabaki, Papa."

Akapumua. Kisha akauliza polepole, "Na kule juu, kuko muntu?"

Nilikuwa na furaha ya kupiga kelele zisikike hadi mjini Walikale. Badala yake nikachuma jani la muhogo, nikalivunja, nikaliweka mkononi mwake.

"Sikuone kitu," nikamwambia.