Damu ya Kanze Yatoa Shikamoo

Kanze alikuwa akipepeta mahindi uani kwake, Kikoneni, mwanawe Mwinga alipoingia. Kiwiko cha kushoto cha mama kikasema, "Shikamoo."

"Marahaba," Mwinga akaitika, akavuta kigoda.

Sauti ilitoka pale kwenye mshipa ambapo nesi Eddah humchoma sindano kumtoa damu ya kupima. Kanze hakushtuka, aliona haya tu. Tangu mvua za vuli alikuwa akimeza vidonge vya majaribio. Damu, Eddah alimweleza, huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa, na seli zinazoizaa zilikuwa zimezeeka. Dawa ingezirudishia ujana. Ikazirudishia kwelikweli. Kanze alipanda kilima na dumu la maji kichwani bila kuhema, na damu yake, iliyokuwa sasa ya binti wa miaka kumi na minane mwenye adabu zake, ikawa inamwamkia kila aliyeizidi umri.

"Mama, hiyo ni kitu ndogo," Eddah alimwambia. "Kuna wenye wanawashwa mwili mzima. Yako angalau iko na heshima."

Basi yangeishia hapo, lakini Mwinga alikuwa na lake. Alitaka kumuuzia bwana mmoja wa hoteli, huko Diani, shamba la mikorosho ambalo Kanze aliachiwa na marehemu mumewe. Kilichomzuia ni neno la mama tu. Akaitisha kikao cha ukoo.

Siku hiyo Kanze aliuzungushia mkono kanga, fundo juu ya fundo. "Leo unyamaze," akauambia. "Shamba hili nimelilima mimi."

Akaingia shemeji yake Karisa, mkubwa wa ukoo. "Shikamoo," kikasema kiwiko ndani ya kanga. Karisa akaitika. Wakaitika wote walioingia, hata Mercy, mke wa Mwinga, huku ananyonyesha.

"Sasa mdogo wetu hapa ni nani?" Mwinga akauliza kwa upole.

Karisa akakuna kidevu. Neno lilikuwa zito, lakini marahaba ilikwisha kuitikwa, na jamani, nani aimeze tena?

"Watoto hawasemi kikaoni," akasema. "Kanze, mwanangu, hebu tutilie chai."

Kanze alitamani kulia kwa hasira. Lakini ile damu tiifu ilishamnyanyua, na chai akaitia.

Wiki iliyofuata alikuja mpimaji ardhi wa yule bwana wa hoteli. Mawe ya mpaka yalikuwa ya saruji, mazito. Mwinga akalalamikia mgongo, Karisa akalalamikia magoti. Kanze akayabeba mawili mawili hadi kona ya mwisho ya mikorosho yake, na wala jasho halikumtoka.